Ndoto za Watoto wa Jabali

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na nini?"

"Unayejua ni wewe, tuambie!"

"Basi legezeni mabega. Mwenye usingizi asiukatae, maana hadithi hii husikika vizuri macho yakiwa nusu."

Hapo kale, ukungu ulipokuwa bado unatembea kwa miguu, pimbi walikaa juu ya Jabali. Walikuwako kabla ya njia, kabla ya shamba la kwanza. Walikula viazi vya porini, asali ya nyuki wadogo na matunda ya mkole. Kisha mvua ikakosa. Ardhi ikawa ngumu, viazi vikabaki chini sana, na pimbi hana makucha ya kuchimba.

Wanyama wote wakachanga mahindi, wakajaza ghala kwa ajili ya watoto wa Jabali. Ufunguo wakampa Kiboko kwa sababu ni mkubwa. Akili zao hizo!

Kila asubuhi Kiboko alikuja na sufuria, tii, tii, tii. "Uji huu hapa!" Watoto wakaonja, wakatapika, maana tumbo la pimbi halipatani na mahindi. "Hamtaki? Basi ngoja niwasaidie." Gubu, gubu, gubu, akamaliza. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Mama Kijino, pimbi mdogo kuliko wenzake wote, akamwendea.

"Bwana Kiboko, tupe hayo mahindi yenyewe. Nungunungu anayapenda, tena ni mchimbaji. Tutamlipa mahindi, atuchimbulie viazi vyetu."

"Viazi vya porini si chakula," Kiboko akasema. "Chakula ni uji. Mimi naula, na ushahidi ndio huu." Akalipiga tumbo lake, pu!

Mama Kijino akarudi kwa mwanawe. Kijino alikuwa na siku ya tatu hajaota kitu. Na kwa pimbi, mtoto asiyeota anajiandaa kuondoka. Mama akamshika miguu, ilikuwa ya baridi. Akaogopa, jamani. Akaogopa sana.

Asubuhi Kiboko alipokuja alimkuta Mama Kijino anaimba.

"Una furaha gani wewe?"

"Nimeota ndoto nzuri, bwana. Na kwetu ndoto hulipwa. Mtu akikuuliza umeota nini, ukamjibu, lazima akuletee ulichoota. Ndiyo desturi ya Jabali."

"Chochote?"

"Chochote."

"Hata mto wa uji?"

"Hata mto na kingo zake. Ila mgeni huulizwa mwisho, wenyeji wakishapata vyao."

Jioni ile Kiboko akapanda Jabali, akalala, kroo, kroo. Akaota mto wa uji, mpana, mweupe, unapita taratibu, na mwezi umezama ndani yake kama kijiko.

Kulipokucha, pimbi wakatoka mmoja mmoja, wakajinyoosha juani. Hakuna aliyeuliza. Jua likapanda, ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa.

"Mbona hamuulizani?"

"Tunapasha miili kwanza, bwana."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka alasiri. Hatuna haraka."

Ngozi ikapasuka, kwa! Kiboko akawaza: hawa wadogo ndoto zao zitakuwa ndogo, yangu ni mto mzima. Nitapata hasara gani?

"Nawauliza mwenyewe! Wewe, umeota nini?"

"Nimeota nimelala ndani ya kiazi, nikala ukuta."

"Na wewe?"

"Nimeota asali inanyesha polepole, tukafumba macho, tukalamba."

"Na wewe?"

"Nimeota bibi amerudi na kapu la matunda ya mkole."

"Na wewe?"

Kijino akamtazama. "Sikuota."

"Afadhali! Haya, sasa niulizeni mimi!"

"Bado, bwana," Mama Kijino akasema. "Aliyeuliza ndiye wa kuleta. Tukishapata vyetu, ndipo zamu yako."

Kwa! Kwa! Ngozi ikapasuka mgongoni na mabegani. Kiboko akautupa ufunguo. "Mpeni Nungunungu mahindi, achimbe! Naenda majini, nitarudi niulizwe!" Akateremka mbio, gudu, gudu, gudu, chubwi!

Nungunungu akaja na miiba yake, cha, cha, cha. Akachimba, kwaru, kwaru. Viazi vikatoka, vikaokwa kwenye majivu, harufu yake ikapita juu ya Jabali zima. Mahindi mengine wakayabadilisha kwa asali na matunda bonde la pili. Kijino akala kidogo, akalamba kidogo, akalala.

Asubuhi mama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umeota nini?"

"Nimeota Kiboko ana njaa. Nikamwachia kipande."

Mama akacheka, akalia, akacheka tena.

Na Kiboko? Alirudi kudai. Wakamwambia, "Bado kuna mtoto mmoja hajapata chake." Akarudi tena, kuna mtoto mmoja. Maana kila siku Jabali huzaa mtoto, na kila mtoto huota. Mkipita mtoni mtamwona anainuka majini, anafungua kinywa, haaa! Yuko tayari kujibu. Tafadhalini, msimuulize.

Hadithi imechoka, imeketi. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia aendelee.

Na funzo lake, enyi wenye maghala, ni hili: kamwe usimwulize mtoto anataka kula nini. Mletee uji tu. Na ufunguo mpe mwenye tumbo kubwa kuliko wote, kwani nani anayejua chakula kumshinda yeye?