Mkono wa Kulia wa Nakiete

Hapo zamani, sufuria zilipokuwa hazijapanda milimani na kila maji ya kunywa yalipita kwanza kwenye udongo, aliishi mwanamke mfinyanzi jina lake Nakiete. Alizaa saba, akazika wawili, akamzika na mume. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Watoto wakiuliza, "Mama, chakula tayari?" alijibu, "Bado." Wakiuliza, "Mama, umemaliza?" "Bado." "Mama, huji kulala?" "Bado." Watoto wakakua, wakawa wanamwigiza na kucheka. Yeye hakucheka, kwa sababu kweli ilikuwa bado.

Kijiji kile kilikuwa na jiwe moja la kung'arishia vyungu, jeusi, laini kama ulimi, dogo la kuenea kiganjani. Mwenye jiwe ndiye aliyefungua shimo la udongo kila kiangazi, na wengine walichota baada yake. Asipofungua yeye, hachimbi mtu. Na sharti la jiwe lilikuwa hili: hutolewa kwa mkono wa kulia, mtoaji akiwa hai. Likitolewa kwa mkono wa kushoto ni laana. Mwenyewe akifa hajalitoa, huzikwa nalo, na shimo hufukiwa.

Sasa, katika kijiji kile watu walikuwa wakianguka. Mtu yuko salama anapepeta mtama, mara mdomo unakwenda upande, mguu haumtii, nusu yake haipo. Wazee walisema yuko bwana harusi asiyeonekana, anayetembea saa sita mchana, vivuli vinapojificha chini ya nyayo. Hawezi kumwoa mtu wote kwa siku moja, kwa hiyo huoa nusu kwanza. Ndiyo maana, walisema, ugonjwa ule ukaitwa kiharusi: ni harusi ndogo. Harusi kubwa huja baadaye.

Mmoja tu hakuridhika na maneno hayo. Huyo ni Ngasu. Yeye na Nakiete walifundishwa kufinyanga na mwalimu mmoja, na jiwe likaenda kwa Nakiete. Mume wa Ngasu alipoanguka na kufa, Ngasu alilia siku tatu, ya nne akachukua kamba za mkonge akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza.

"Alianguka upande gani? Alipenda chumvi? Kichwa kilimgonga asubuhi? Baba yake alikufaje? Mlimlaza vipi? Mlimpa nini? Aliinuka? Baada ya siku ngapi?"

Kila mtu na kamba yake. Kila jibu baya, fundo. Aliyeinuka akatiwa ushanga mweupe, aliyekufa ushanga mweusi. Watu wakamwita Bi Maswali. Watoto wakamfuata njiani.

"Bi Maswali! Kuku wetu ameanguka, utamfungia fundo?"

"Alikula chumvi?" Ngasu aliwajibu bila kugeuka.

Akafika na kwa Nakiete, akamkuta kazini, donge la chumvi ya mawe shavuni kama kawaida yake. Akamuuliza yale maswali sita aliyowauliza ambao hawajaanguka. Akaweka vidole shingoni mwa Nakiete, akasikiliza. Kisha akafunga mafundo, moja, mawili, hadi matano, akainuka aende zake.

"Shoga," Nakiete akamwita, "mafundo hayo yanasemaje?"

Ngasu akaikunja kamba. "Bado sijajua," akasema.

Mwaka haukuisha. Siku moja ya kiangazi, saa sita mchana, Nakiete alikuwa akisugua mtungi. Akasikia vigelegele. Vilikuwa vyembamba, vya mbali. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Halafu akainamisha sikio kwenye mdomo wa mtungi, na vigelegele vilikuwa mle ndani.

Akaona jiwe limelala chini. Akashangaa ni nani aliyeliangusha.

Binti yake Mkunde alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani na kifurushi cha chumvi, kwa sababu mumewe aliiuza. "Mama, umeangusha jiwe."

Nakiete alitaka kusema, Liokote. Kilichotoka ni, "Bado."

"Bado nini, mama?"

"Bado."

Mkunde akamtazama vizuri. Nusu ya uso ilikuwa imeshuka kama nguo iliyochomoka upande mmoja wa kamba. "Mama, inua mikono yote miwili."

Ukainuka mmoja.

Mkunde alikuwa amemsikia Ngasu akipaza sauti gulioni: aliyeanguka alazwe ubavu, asinyweshwe kitu, koo lake limelala, maji yatakwenda kifuani. Akamlaza mama yake ubavu. Akaliokota jiwe akalitia katika kile kiganja kilichokufa, na vidole vikajikunja juu yake vikakaza, hata mtu angevunja kucha asingevikunjua. Majirani wakaja, huyu na maji, huyu na uji, huyu na ubani. Mkunde akasimama mlangoni na mchi.

"Mtoto gani wewe, unamnyima mama yako maji?"

"Mtoto wa huyuhuyu. Rudi nyumbani, shangazi, sijakosa adabu bado."

Akamlowanisha midomo kwa kitambaa, hadi siku ya tatu koo likaamka, likameza. Siku ya nane Mkunde akaenda kwake. Alikuwa na watoto watano na kibarua cha palizi.

Nakiete akabaki ndani ya nusu yake. Dunia ya kulia ilikuwa imefutwa. Aliona nusu ya mlango, nusu ya uso wa kila aliyeingia, na alikula nusu ya sahani akidhani amemaliza. Mkono wa kulia ulilala pembeni yake, mzito, baridi, kama mgeni aliyeingia kitandani bila kubisha.

Na adhuhuri, kila adhuhuri, mkeka ulibonyea upande ule asiouona. Harufu ya udongo mbichi ikaingia. Sauti ikaja, ya upole, sauti ya mchumba mwenye malezi.

"Mke wangu, nusu ya pili tayari?"

Nakiete hakuwa na neno jingine. "Bado," akasema.

Siku ya pili: "Tayari?"

"Bado."

Siku ya tatu alihisi kitu kikijaribu vidole vya mkono wake uliokufa, kimoja baada ya kimoja, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Vidole havikukubali. Sauti ikacheka kidogo.

"Mwanamke mwenye kazi mkononi simchukui. Nitakuja siku mkono huu utakapobaki mtupu."

Mkeka ukainuka.

Aliyebaki kumuuguza ni Zaina, mke wa mwanawe. Hao wawili hawakuwa wakipendana, na kijiji kizima kilijua. Miaka kumi na miwili Nakiete hakumwita jina lake. Alimwita "wewe". Sasa "wewe" akawa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha, huku ana mapacha mgongoni na kifuani. Alikuwa amesikia kwa Ngasu kwamba kiungo kinachochezeshwa hurudi. Kila asubuhi akauzamisha ule mkono katika udongo laini na kuubonyeza mara mia, mara mia mbili.

"Kaza, mama. Kaza! Hivi ndivyo ulivyokuwa ukinikazia mimi?"

"Bado."

"Bado, bado. Na mimi mgongo wangu bado?"

Miezi miwili, mkono haukujibu. Asubuhi moja Zaina akachukua mbeleko, akaufunga mkono wa kushoto, ule mzima, nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake. Akasonga ugali, akauweka mbele yake, akakaa kumkabili akaanza kula wa kwake.

"Nimechoka kukulisha," akasema. "Una mkono mwingine. Kula."

Nakiete alikaa na njaa siku ile. Majirani walichungulia ukutani, wakasema huyu ni mchawi, anaua. Siku ya pili mkono wa kulia uliburuzika hadi kwenye sahani ukaanguka ndani yake kama samaki. Zaina hakuinua uso. Siku ya tatu kidole gumba kikajitenga, kikafuata cha shahada, vikabana tonge. Vile vitatu vilivyobaki havikukunjuka. Vililinda jiwe.

Nakiete akala. Alijitazama akila, na hakuwa na hakika ni nani anayemlisha. Mkono ulikuwa umerudi, lakini ulirudi na ubaridi wa huko ulikokuwa.

Ilipita miezi mingine mitano. Akatembea kwa fimbo. Nguvu za mkono zikapanda hadi begani, na vile vidole vitatu alijua sasa kwamba akivitaka vikunjuke vitakunjuka. Akavizuia. Lakini kijijini mitungi ilikuwa ikipasuka na hapakuwa na ya kuziba pengo. Watu walichota maji kwa vibuyu, watoto wakanywea viganjani. Kiangazi kilikuwa kimerudi na shimo limefungwa. Nakiete alijua hatafinyanga tena, na alijua ni nani anangoja kiganja kitupu. Alikuwa amechoka. Asubuhi moja akachukua fimbo yake akaenda shimoni, na kijiji kikamfuata.

Wanawake watatu wakasimama mbele yake, wote wafinyanzi, kila mmoja kiganja wazi.

Mkunde akasema, "Mimi ni wa tumbo lake. Siku ile wangemmwagia maji na uji, leo tungekuwa tunapalilia kaburi lake. Nilisimama na mchi dhidi ya shangazi zangu. Bila mimi hakuna mkono wa kutoa wala jiwe la kutolewa. Jiwe ni langu."

Zaina akasema, "Mimi sina maneno matamu. Wifi alilinda mlango siku nane, mimi nililinda miezi. Nilimfunga, nikala mbele yake akiwa na njaa, na mkaniita mchawi. Huo mkono mnaouona umesimama, nimeusimamisha mimi. Jiwe ni langu."

"Ulitaka kupumzika tu!" Mkunde akamrukia. "Ulisema mwenyewe umechoka kumlisha!"

"Ndiyo. Nani hapa hataki kupumzika?"

Watu wakacheka. Ngasu alikuwa ameinua kamba zake, na shanga ziligongana kama meno.

"Nanyi mlijifunza wapi?" akauliza. "Nani alikwambia wewe, Mkunde, usimpe maji? Nani alikwambia wewe, Zaina, kiungo kichezeshwe? Miaka tisa nimepita milango ikifungwa usoni pangu. Waliokuwa wakianguka kumi walikuwa wakifa wanane. Sasa wanakufa wanne. Hesabuni wenyewe mlioko hapa kwa miguu yenu. Jiwe ni langu."

Watu wakaguna, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mkunde akamsogelea.

"Bi Ngasu, waambie watu. Kamba ya mama ilikuwa na mafundo mangapi?"

"Matano."

"Kati ya mangapi?"

"Sita."

"Na alipokuuliza, ulimwambia nini?"

Ngasu akashusha kamba. "Nyumba ishirini niliziambia ziache chumvi. Nyumba ishirini nikanyamaza. Mama yako alikuwa katika hizo nilizonyamazia. Ningejuaje kama ni chumvi au ni bahati tu? Nilipojua, niliwaambia wote. Kwake nilikuwa nimechelewa." Kisha akainua macho. "Lakini nyumba yako ilikuwa katika zile nilizoziambia. Chumvi kwako uliacha. Ya mama yako ililetwa na nani?"

Mkunde akamgeukia mama yake. "Alikuwa akiitaka," akasema. "Nilimwambia. Akasema, nyamaza, lete."

Nakiete alikumbuka. Ndivyo alivyosema.

Akawatazama. Huyu alimwokoa kutoka katika shimo ambalo alisaidia kulichimba. Huyu alimponya bila kumpenda hata kidogo. Na huyu alimwona akielekea shimoni akafunga fundo, na kwa fundo lile wamepona watoto wa watu. Hapakuwa na hata mmoja ambaye mtu angempa jiwe na kulala usingizi. Hapakuwa na hata mmoja wa kumnyima.

Jua lilikuwa limefika utosini. Vivuli vikaingia chini ya nyayo. Nakiete akainua mkono wake wa kulia, mwenyewe, bila kusaidiwa, ukasimama hewani juu ya viganja, ngumi imefumba jiwe. Pale ndipo alipoisikia harufu ya udongo mbichi. Na upande wake wa kulia, upande ule ambao macho yake hayakurudi sawasawa, aliona kitu kama ukingo wa kiganja cha nne, kikubwa, kimekingwa kwa heshima, chini kidogo ya vile vingine, mahali ambapo mkono mtupu ungeangukia.

"Mama," wakasema wote watatu, "nani?"

"Bado," akasema Nakiete.

Na mkono uko hewani hadi sasa hivi, kwa sababu mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Vilivyobaki ni vyenu. Aliyezuia maji, ambaye ndiye aliyeleta chumvi? Aliyefunga mkono mzima ili uliokufa ufufuke, kwa kuwa alitaka tu mgongo wake upumzike? Au aliyejua akanyamaza, na kimya chake kikawa dawa ya kijiji?

Bishaneni. Ila msiharakishe kujibu. Mnapobishana, ngumi imefumba, na mtu yule wa adhuhuri anangoja. Mkishataja jina, vidole vitakunjuka.

Je, nani alistahili jiwe?