Zamu ya Nne ni ya Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala njaa? Watoto, sogeeni. Na nyinyi watu wazima, msijifanye hadithi ni ya watoto. Mwaka jana mlisema hivyo hivyo na mkabaki mpaka mwisho. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shamba la mtama. Shamba kubwa, kando ya mto wa mchanga. Walilima pamoja, wakapanda pamoja, wakapalilia pamoja. Na mtama ulipotoa masuke, wakaogopa pamoja. Waliogopa kwelea.

Kwelea ni ndege mdogo. Mmoja hajazi kiganja cha mtoto. Lakini kwelea haji mmoja. Huja wengi kama moshi, wanashuka, wanakula, wakiondoka mnabaki na mabua.

Katikati ya shamba palikuwa na ulingo mrefu wa miti. Juu ya ulingo alisimama mrusha mawe, na mrusha mawe alikuwa mmoja tu, Nyani. Nyani na kombeo lake! Alilizungusha, vurrr, akaachia, pa! Kundi zima likaruka. Akalizungusha tena, vurrr, pa! Kundi likavuka mto.

Basi, mwaka mmoja, kama miaka yote, Nyani alipanda ulingoni kila siku. Asubuhi Nyani. Mchana Nyani. Jioni Nyani. Wenzake wamekaa kivulini wanamwimbia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Nyani akisifiwa aliongeza mawe. Mavuno yalipokaribia, mawe yake yakaanza kuanguka hapo hapo chini ya ulingo. Pu. Pu. Kwelea wakala nusu ya shamba.

Wanyama wakasema ni bahati mbaya. Wakala walichobakiza ndege. Wakazika wazee wao wawili waliokufa kwa njaa. Kisha wakasema, mwakani Nyani atatuokoa.

Sasa, palikuwa na Nguchiro. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa ulingo, kazi aliyoachiwa na mama yake. Kazi yenyewe ni kupanga zamu, nani apande na apande lini. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi nyepesi kuliko kulala. Nani leo? Nyani. Nani kesho? Nyani. Nguchiro akarudi zake shimoni.

Mvua zilipokaribia, wanyama wakakutana kupanga msimu mpya. Mtama uliobaki ulisagwa, ikapikwa togwa, kibuyu kikazunguka. Mnajua adabu ya kibuyu. Unapokea kwa mikono miwili, unampa mwenzio kwa mkono wa kulia. Ngiri akampa Tembo. Tembo akampa Mbuni. Mbuni akampa Nyani. Nyani akanywa, akamgeukia Nguchiro, akampa kibuyu kwa mkono wa kushoto.

Watu wakageuka.

Mzee Ngiri, mkubwa wa kijiji, akaguna. "Hm! Mkono wa kushoto? Mbele ya wazee? Kweli sifa hulevya kuliko pombe."

"Kiburi hicho," akasema Mbuni.

Nguchiro akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akamtazama. Mkono wa kulia wa Nyani ulikuwa umelala mapajani, na alipoinuka aliuinua kwa kuushika na ule wa kushoto. Wengine walikuwa wanatazama uso wake, wanatafuta kiburi. Nguchiro akautazama mkono.

Akamfuata mtoni.

"Kaka Nyani, bega linauma?"

"Bega gani?"

"Hilo."

"Halina neno."

"Basi jikune kichwa kwa mkono huo."

Nyani akacheka kidogo, akaacha kucheka. Akakaa kwenye mchanga. "Dada, usinivue nguo mbele za watu. Nipange kama kawaida. Siku ya kwanza mimi, ya pili mimi, mpaka mavuno."

"Na mkono?"

"Utajua wenyewe."

"Usipojua, tutakula nini?"

"Nguchiro, nisikilize. Mimi nikirusha, wananiita shujaa. Nisiporusha, mimi ni nani? Nyani tu, yule anayefukuzwa kwenye mahindi ya watu. Niapie hutasema."

Nguchiro akaapa. Kisha akarudi nyumbani na mzigo wake. Akimpanga Nyani kila siku, mkono utakufa kabisa na mtama utaliwa. Akimwacha nje, Nyani ndiye atakayekufa, kwa aibu. Na sababu hawezi kuitaja, ameapa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu ulikuwa wa mwenziwe, na haukuwa usufi.

Kesho yake akapanda kwenye kichuguu, akatangaza.

"Zamu za msimu ni hizi. Siku ya kwanza, Mbuni. Siku ya pili, Tembo. Siku ya tatu, mimi. Siku ya nne, Nyani. Tukimaliza tunaanza upya. Na aliyeshuka, asiguse jiwe mpaka zamu yake irudi."

Lo! Zogo gani hilo!

"Mbuni anarusha na nini? Hana mikono!"

"Ninapiga teke," akasema Mbuni, ameshaanza kujivuna.

"Tembo atavunja ulingo!"

"Nitasimama chini," akasema Tembo. "Mimi ni mrefu vya kutosha."

"Na wewe mwenyewe, Bi Nguchiro!" Ngiri akapaza sauti. "Ukoo wenu mnarusha kinyumenyume! Mnainama, mnapitisha jiwe katikati ya miguu, mnalipiga ukutani kama yai! Ndege watakufa kwa kicheko!"

Watu wakacheka. Nyani peke yake hakucheka. Alimtazama Nguchiro kwa jicho jekundu, akaondoka.

"Kwa nini umemfanya Nyani wa mwisho?" Ngiri akauliza. "Ni kile kibuyu? Unalipiza?"

Nguchiro angeweza kujibu. Neno moja lilitosha. Akasema, "Mkuu wa ulingo ni mimi. Nimepanga."

"Vyema. Mtama ukiliwa tena, wewe na ukoo wako mtahama. Mtafute kichuguu kwingine."

"Sawa," akasema Nguchiro. Ukoo wake ulikuwa mkubwa, na wengi wao wadogo.

Mvua ikanyesha. Mtama ukaota, ukarefuka, ukatoa masuke. Na asubuhi moja, ng'ambo ya mto, moshi ukainuka. Haukuwa moshi. Mbele yake anaruka Mama Kwelea mwenye mdomo mwekundu, nyuma yake wanawe wasiohesabika, wanaimba. Nanyi mwitikie, wimbo huu mtausikia tena:

*Yuko nani ulingoni?*
*Yuko nani ulingoni?*
*Nyani kama hayuko,*
*karamu yetu iko!*

Siku ya kwanza, Mbuni. Akapiga teke, kwa! Akapiga teke, kwa! Mawe yakaenda kila upande. Moja likapasua chungu cha Mzee Ngiri, mboga zikamwagika. Lakini kwelea hawajawahi kuona mawe yasiyojua yanakokwenda. Wakaogopa, wakavuka mto. Masuke machache yaliliwa. Ngiri akala ugali mkavu, akanuna.

Siku ya pili, moshi tena. *Yuko nani ulingoni? Yuko nani ulingoni?* Tembo akajaza kokoto mkongani, akavuta pumzi, fyuuu! Parakacha! Kokoto zikanyesha shamba zima. Kwelea wakavuka mto.

Siku ya tatu, moshi tena, na Nguchiro ndiye aliye ulingoni. Akawapa ndege mgongo, akainama, akapitisha jiwe katikati ya miguu. Chwi! Jiwe likaangukia mchicha. Akarusha la pili. Chwi! Likaangukia mtoni. Nguvu anazo, ila anayerusha nyuma haoni anakorusha.

Mama Kwelea akatua kwenye suke, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaita. Wakashuka. Shamba likawa jeusi kwa ndege. Kro kro kro kro, wanakula.

"Nyani!" watu wakapiga kelele. "Nyani! Nyani! Mtoeni huyo!"

Nyani akatoka mbio, kombeo shingoni, akapanda ulingo kwa mkono mmoja. "Shuka," akamwambia Nguchiro.

"Zamu yako kesho."

"Wanamaliza shamba! Shuka, nitakusukuma!"

Akatia jiwe kwenye kombeo. Akainua mkono wa kulia. Mkono ukafika kifuani. Ukafika begani. Chini ya sikio ukakwama. Nyani akauma meno, na machozi yakamtoka, asiweze hata kuyafuta.

Nguchiro akasogea haraka, akasimama mbele yake. Mdogo jinsi alivyo, akajinyoosha na kutunisha manyoya ili watu wa chini wasione. "Kaka," akasema polepole, "nipe hilo jiwe."

Nyani akampa. Kwa mkono wa kushoto.

Nguchiro akalipokea kwa mikono miwili. "Sasa niambie. Ndege wako wapi? Mimi nimewapa mgongo."

Nyani akameza mate. Macho yake yalikuwa mazima, na shamba lile alilijua kuliko nyumba yake. "Kulia," akasema. "Kulia zaidi. Shusha kidogo. Sasa!"

Chwi! Pa! Kundi likaruka.

"Kushoto. Mbali, kwenye kichaka. Tia nguvu. Sasa!"

Chwi! Pa!

"Yule mwenye mdomo mwekundu. Nyuma yako kabisa. Usitikisike. Sasa!"

Chwi! Suke alilokalia Mama Kwelea likakatika, akaanguka nalo, akaruka bila kuangalia nyuma. Moshi wote ukavuka mto.

Wanyama wakashangilia. "Nyani! Kesho Nyani! Kesho wataona!"

Nyani akashuka. Akasimama katikati yao. Nguchiro akamtazama kutoka juu, akanyamaza, maana hilo halikuwa la kwake kulisema.

"Kesho sirushi," akasema Nyani. "Mkono wangu haupiti sikio. Tangu mwaka jana. Mawe yaliyoanguka chini ya ulingo, hamkuyaona?"

Macho yakageukia chini ya ulingo.

"Kumbe kile kibuyu..." akaanza Ngiri, asimalize. Akatazama chini. Mbuni, aliyesema kiburi, akatafuta mahali pa kuficha kichwa.

"Bi Nguchiro alijua," akasema Nyani. "Nilimwapisha. Mkamtukana, akanyamaza."

"Basi tumpe zamu yake mtu mwingine," akasema Tembo.

"Hapana," akasema Nguchiro, sasa ameshuka. "Zamu ya nne ni ya Nyani. Atapanda, atakaa. Kazi yake ni kupumzika pale kwelea wanapomwona."

Watu wakatazamana. Kazi gani hiyo? Lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Siku ya nne, moshi ukaja. *Yuko nani ulingoni? Yuko nani ulingoni?* Ulingoni yuko Nyani. Kombeo liko shingoni, mkono uko mapajani. Amekaa tu, anatafuna muwa. Mama Kwelea akamwona. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, akakumbuka mengi. Wakapita juu, wakaenda zao.

Zamu zikazunguka. Mbuni kwa teke lake, Ngiri amehamisha jiko. Tembo kwa kokoto zake. Nguchiro kwa mgongo wake na macho ya Nyani. Na siku ya nne, Nyani anapumzika. Asubuhi alikandwa bega kwa majani ya mnyonyo yaliyopashwa moto, na anayemkanda, kimya kimya, ni Mzee Ngiri.

Mtama ukawa mwekundu. Kesho mavuno. Siku hiyo kwelea wakaja na njaa ya msimu mzima, na mwenye njaa haogopi jina. Zamu ya nani?

Ya Nyani. Mnasikiliza, vizuri.

Mama Kwelea akaja moja kwa moja. "Huyo harushi!" akawaambia wanawe. "Msimu mzima hajarusha. Shukeni!"

Nyani akasimama. Akatia jiwe. Chini, Nguchiro akashika mti wa ulingo, hapumui. Mkono ukafika kifuani. Ukafika begani. Ukafika sikioni.

Ukapita.

Vurrr! Pa! Jiwe likapita kati ya Mama Kwelea na mkia wake, likaondoka na manyoya mawili. Kundi lote likapinduka hewani, likavuka mto, na msimu huo halikurudi.

Nyani akavua kombeo, akashuka. "Jiwe moja linatosha," akasema. "Mengine ni ya mwakani."

Wakavuna. Ghala zikajaa mpaka mlangoni. Ikapikwa togwa ya mtama mpya, kibuyu kikazunguka. Ngiri akampa Tembo. Tembo akampa Mbuni. Mbuni akampa Nyani. Nyani akanywa, akamgeukia Nguchiro.

Watu wote wakaacha kutafuna.

Nyani akanyoosha mkono. Togwa ikamwagika matone kwenye mkeka. Lakini ulinyooka, ukafika. Mkono wa kulia.

Nguchiro akapokea kwa mikono miwili. Akanywa.

Basi shikeni hili, wadogo kwa wakubwa. Mkimtegemea mmoja kila siku, mnamla yeye kwanza, kisha mnalala njaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kupumzika nako ni zamu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kibuyu nimekipitisha. Aliye karibu akipokee, na atumie mikono miwili.