Vidole Vitano Shingoni mwa Mtungi

Sogeeni, na anayetafuna muwa ateme kwanza, maana mimi sirudii.

Zamani hizo mtungi ulikuwa laini mtupu. Mfinyanzi alikatazwa kuacha alama ya mkono wake, kwa kuwa watu walisema mkono ule una mkosi. Kosa lake? Kuzaliwa tu katika ukoo wa wafinyanzi. Hakuruhusiwa kuoa nje ya ukoo wala kuchota kisimani. Alikaa mbali, akasubiri mtu amhurumie na kummiminia. Lakini mitungi yake waliinunua hao hao! Waliifukiza moshi kwanza, eti mkosi utoke. Haya, cheka, lakini wazee wazima waliamini hivyo.

Kiangazi kimoja, binti wa Nyamvula mfinyanzi alishikwa na homa kali, midomo ikampasuka kwa kiu. Nyamvula alikaa pale mbali na kisima tangu alfajiri hadi jua la utosi. Wanawake walichota, wakampita. Mwishowe akainuka, akatumbukiza kata yake kisimani, akampelekea mwanawe maji, mtoto akanywa.

Lo, kelele! Mkuu wa kijiji, Mzee Kidundu, akaja na wanaume wenye majembe.

"Kisima kimeingia najisi. Tunakifukia, na wewe unahama leo."

"Fukieni," Nyamvula akamjibu, hata kope hakupepesa. "Ila vunjeni kwanza kila mtungi majumbani mwenu. Kisimani mkono wangu umeingia leo tu. Mitungini mwenu umo siku zote."

Mkewe Kidundu akamgeukia mumewe. "Baba Mwaluko, na yale maji uliyokunywa asubuhi?"

Majembe yakashushwa, lakini hakuna aliyeomba radhi. Hilo lilimuuma Nyamvula. Akarudi kwake, akatwaa mtungi mbichi, akaubonyeza vidole vitano shingoni. Wafinyanzi wote wakamfuata.

"Anayeuonea kinyaa mkono wetu," wakasema, "anywe kwa viganja."

Watu wakanuna. Mitungi ya zamani ikavunjika mmoja mmoja, na mwezi haukuisha kabla Kidundu hajaja mwenyewe, akaomba radhi mbele ya watu, akabeba mtungi wenye vidole.

Na tangu siku hiyo mtungi wa kwetu una vidole vitano shingoni, na kisimani kila mtu huchota mwenyewe. Wapo bado wanaonong'ona posa ikija: "Huyu binti ni wa ukoo gani?" Wakininong'onea mimi, nawaletea mtungi. Nawaambia shikeni hapo hapo penye vidole, mnywe, kisha mniulize tena kwa sauti.