Kifaru, Mama Mkwe na Kiongozi wa Njia

Hapo zamani za kale, wanyama ndio waliokuwa wakifunga safari kwenda kutazama watu. Msicheke. Walibeba chakula, wakavaa kofia, wakatoka asubuhi na kurudi jioni. Aliyebahatika kumwona mchungaji au fundi baiskeli kwa karibu aliisimulia habari hiyo mpaka majirani wakamkimbia.

Basi palikuwa na Kifaru, bwana mwenye nguvu, mwenye gari, na mwenye kichwa kigumu. Mkewe, Siwema, alikuwa amerudi kwao kwa hasira. "Nimechoka na mume asiyeuliza," alisema siku aliyofunga mzigo wake. "Amejenga nyumba mlango ukaelekea mvua inakotoka, kisa hakutaka kumuuliza mtu."

Kifaru akabaki peke yake katika nyumba ile. Mvua ikinyesha, inamfuata hadi kitandani. Alimkumbuka mkewe sana, tena sana. Mwisho mama mkwe akatuma neno: "Anitembeze siku moja nikawaone watu. Nikirudi nimeridhika, mwanangu atarudi kwake. Nisiporidhika, amsahau."

Sasa tegeni sikio, maana bila desturi hii hamtaelewa kitu. Kwao vifaru, mtu na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Neno la mkwe hupitia kwa mtu wa tatu. Hata ukilisikia kwa masikio yako mwenyewe, bado hujalisikia mpaka uletewe. Ukivunja mwiko huo, walisema, pembe itakudondoka.

Siku ikafika. Kifaru akashika usukani, kofia kichwani. Mama mkwe akakaa nyuma, ushungi umeshuka hadi machoni, kikapu cha maandazi mapajani. Gari likaondoka, gudugudu gudugudu, mpaka njia panda. Hapo juu ya jiwe alikuwa amekaa Pimbi, anaota jua. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni.

"Karibuni, wageni. Mnataka kiongozi?"

"Sitaki," alisema Kifaru. "Naendesha mwenyewe. Gari ni langu na njia naijua."

"Umewahi kufika huko?"

"Sijawahi. Lakini njia ni njia."

Pimbi akanusa upepo. Iliki. Maandazi ya iliki, tena ya asubuhi hiyohiyo. Akakumbuka watoto wake walivyojaa kule jabalini, kila mmoja na tumbo lisilojua kushiba. Akasogea dirishani, akanong'ona.

"Sawa, mzee. Ila nikuulize jambo dogo tu. Mama akibanwa na haja njiani, atamwambia nani?"

 Hilo Kifaru hakuwa amelifikiria. Jasho likamtoka mpaka kwenye pembe.

"Panda," alisema.

Pimbi akapanda, akajibana katikati, nusu mbele nusu nyuma. "Kulia, mzee. Sasa kushoto. Tena kulia." Gari likarukaruka kwenye mashimo, pwaa, pwaa.

"We mtoto," alisema mama mkwe, "mwambie baba apunguze mwendo. Mgongo unaniuma."

Kifaru alisikia kila neno, na mguu wake ulikuwa umeshaanza kulegea kwenye mafuta. Lakini alingoja kuletewa, kama desturi inavyotaka. Pimbi akamgeukia kwa adabu nyingi.

"Mzee, mama anasema unaendesha vizuri sana. Na anaomba kiongozi apewe andazi, kwa kazi nzuri."

 Kifaru angesemaje? Akisema "hakusema hivyo," atakuwa amekiri kwamba alimsikiliza mkwewe waziwazi. "Mwambie mama ampe," akajibu kwa sauti ndogo.

Mama mkwe naye alikuwa amesikia yote. Naye angesemaje? Akatoa andazi kwa hasira. Nyamu! Likapotelea kinywani mwa Pimbi.

Wakafika penye jabali. "Simama, mzee," alinong'ona Pimbi. "Mtu yule pale. Muuza chai."

Ninyi mngeona kichuguu kilichovishwa shati kuukuu na kofia. Lakini macho ya kifaru mnayajua, hayafiki mbali.

"Mbona hasogei?" aliuliza Kifaru.

"Hajapata wateja. Mtu husogea akitupiwa chakula."

Pimbi akachota maandazi kikapuni mwa mama, akayatupa juu ya jabali, moja baada ya jingine. Huko juu kukasikika chwa chwa chwa.

"Mnamsikia anavyokula?" alisema Pimbi. "Haya, twende tukamwone mchungaji."

Wakazunguka, kulia, kushoto, kulia. Wakamwona mchungaji, naye akatupiwa. Wakazunguka tena, wakamwona mwalimu. Ni kichuguu kilekile, jamani. Mke wa Pimbi alikuwa akibadilisha mavazi tu, huku watoto wakilamba midomo.

Lakini kifaru asipoona, hunusa. Mbele ya huyo mwalimu, mama mkwe aliinua pua yake juu, akavuta pumzi ndefu.

"We mtoto, mwambie baba kwamba hapa ndipo tulipokuwa asubuhi. Maandazi yangu nayanusa juu ya jabali lile. Na huyo mwalimu ananuka pimbi."

Kifaru akanusa. Kweli, ananuka pimbi. Akamtazama kiongozi wake, akiomba kimoyomoyo neno lile lifike kama lilivyo.

Pimbi hakutikisika. "Mzee, mama anasema mwalimu amempendeza mno. Kwa furaha aliyonayo, ameamua kikapu kizima apewe kiongozi."

 Kifaru aliushika usukani mpaka ukalia kriii. Akinyamaza, mama atarudi kwake hajaona mtu hata mmoja, na Siwema ndiyo basi. Akifungua mdomo, atakuwa amemvunjia heshima mama mtu, na Siwema ndiyo basi vilevile. Aliwaza nyumba yake yenye maji kitandani. Aliwaza maneno ya mkewe siku ile ya mzigo. 

Akazima gari. Akafumba macho, ili angalau asimtazame.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nakuuliza mimi mwenyewe. Tumepotea?"

Pimbi akaruka kitini. "Heshima, mzee! Wakwe hawasemezani! Desturi hiyo, desturi!"

Mama mkwe akaupandisha ushungi wake. Kisha akakohoa.

"Tumepotea tangu asubuhi, baba," alisema. "Tunazunguka nyumba ya huyu mwizi wa maandazi. Mshike."

Kifaru aligeuka kwa kishindo, lakini Pimbi alikuwa ameshachomoka, pruu, kikapu mdomoni. Akaingia kwenye ufa wa jabali ambao hata sikio la Kifaru lisingepita. Kutoka humo ndani wakasikia watoto wakishangilia.

Mama na mkwewe wakabaki na gari, na vumbi, na njaa. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

"Sasa twende wapi, mama?" aliuliza Kifaru, macho bado ameyafumba.

"Fumbua macho kwanza uendeshe," alisema mama mkwe. "Twende kwangu. Ukamuulize Siwema mlango uelekee wapi."

"Na watu, mama? Hujaona hata mmoja."

"Watu nitawaona siku nyingine. Leo nimemsikia mkwe wangu akiuliza, tena si mara moja."

Kifaru akawasha gari. Njia nzima aliuliza, kulia au kushoto, na mama mkwe akamjibu, wala hakuna pembe iliyodondoka.

Hadithi yangu naiegesha hapa, na kilichobaki garini ni hiki: kiongozi wa njia mchukue, lakini neno lako lipeleke mwenyewe.