Kisima cha Nani?

Mko macho? Nisikie mkisema mko macho, maana hadithi yangu haibembelezi mtu. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Mimi ni Tabu Mlewa, mchora mabango. Kila kibao cha saluni na cha duka la dawa mnachokiona hapa mtaani Jiwe Jeupe kimetoka kwenye mkono huu. Leo nimeshika brashi, kopo la rangi ya bluu liko wazi miguuni pangu, na sijui niandike jina la nani. Kwa hiyo mtanisikiliza, halafu mtanijibu. Hakuna kuondoka kabla ya kujibu.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Perpetua Chilongani, nesi mstaafu. Kipaji chake ni kuwaza. Mwanamke yule anaweza kukaa na swali moja msimu mzima wa kiangazi asiliachie. Aliwaza, akawaza, akaandika riwaya ya mambo ya karne zijazo, akaiita Mita ya Mawingu. Humo dunia imekauka, na Shirika moja limefunga mita kwenye kila wingu. Ukikinga mvua bila kibali, unafungwa. Kimebaki kisima kimoja tu, na mlinzi wake ni Bibi Mavere, kikongwe mwenye magoti mabovu. Mashine za Shirika zinakuja kukifunga. Bibi hana silaha. Anaziuliza, "Nionyesheni tone moja mlilolitengeneza nyinyi." Mashine zinakosa jibu. Zinarudi kumuuliza bosi wao, na sura nzima ya mwisho Bibi amekaa anazisubiri, anawakumbuka waliochimba kile kisima. Kitabu kinaisha hivyo, Bibi bado amekaa. Wapo walionung'unika kwamba hakuna kilichotokea. Bi Perpetua akawajibu, "Hajaondoka. Mlitaka kitokee nini tena?"

Wa pili ni Sadoki Mkumbo, mwongoza filamu. Kipaji chake ni jicho. Aliisoma riwaya, akaipenda, akaomba ruhusa, akaitengenezea filamu. Sasa ngoja mwone mambo. Bibi Mavere aligeuzwa msichana, anaitwa Mave, suruali ya ngozi, nywele zimesimama. Ile sura nzima ya mawazo ikawa pumzi tatu za kimya na uso mmoja mkubwa. Maneno ya filamu yote Kizungu, ili iuzwe nje. Swali la tone akalikata kabisa. Na mwishoni Mave anapanda chombo, anapaa zake mawinguni. Lakini, tumpe haki yake jamani, Sadoki alitia kitu ambacho kitabuni hakimo. Mashine zinapofika, Mave anaipindua ndoo yake juu chini, anaiweka pale mdomoni mwa kisima, anaikalia. Nyuma yake mwanamke mwingine anapindua yake. Halafu mwingine. Hakuna anayesema kitu, unasikia ndoo tu zinavyogonga chini, ko, ko, ko, mpaka bonde lote limejaa watu waliokalia ndoo. Mimi nililia pale, sifichi.

Wa tatu ni Yahaya King'ora. King'ora si jina la baba yake, ni la kazi. Ana banda la video nyuma ya mashine ya kusaga, na filamu ikianza yeye hushika maiki, anatueleza kwa Kiswahili kila kinachosemwa. Kipaji chake ni sauti. Kizungu chenyewe, tuseme ukweli, kinamfika magotini. Lakini riwaya ya Bi Perpetua aliisoma mpaka jalada likatoka, na nakala ilikuwa hiyo moja tu mtaa mzima. Kwa hiyo ilipokuja filamu, alifanya kosa ambalo King'ora peke yake angelifanya. Akapunguza sauti ya filamu, akatusimulia kitabu.

Basi pale bandani ikawa vurugu tupu. Kwenye kioo kuna msichana, King'ora anasema, "Huyu hapa Bibi Mavere, magoti yanamuuma!"

"Bibi gani huyo?" akapiga kelele Mama Sikudhani, muuza vitumbua. "Si binti wa miaka ishirini?"

"Karne hiyo watu hawazeeki sura, wanazeeka magoti! Nyamaza utazame!"

Tukatazama. Ndoo zilipopinduliwa, King'ora akalirudisha lile swali lililokatwa. Akalisema taratibu kwenye maiki, "Nionyesheni tone moja mlilolitengeneza nyinyi." Banda zima likasisimka. Halafu chombo kikapaa na Mave ndani yake. Tulidhani King'ora amekwama. Wapi! Akasimama juu ya benchi, mishipa ya shingo imemtoka. "Hicho chombo ni cha waoga! Msikitazame! Kamera imekimbia, lakini Bibi yupo! Yupo pale chini, hamumwoni tu! Bibi yupo!"

Watu walitoka bandani wanaimba hayo maneno. Bi Perpetua alipopata habari alikwenda kuitazama filamu mwenyewe, kisha akampigia simu Sadoki.

"Mwanangu, umemfukuza bibi yangu kwenye kitabu chake."

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Umemfukuza kwa nini?"

"Mama, msomaji anaingia kichwani mwa Bibi anakaa humo siku nzima. Kamera haina mlango wa kuingilia kichwani. Inaona mikono, inaona ndoo. Ndiyo maana nikampa ndoo."

"Na suruali ya ngozi?"

Sadoki akakohoa. "Hiyo ni ya watu waliotoa fedha, mama. Na chombo pia ni chao."

"Basi wao wangeandika kitabu chao," akasema Bi Perpetua, akakata simu.

Sasa njooni kwenye kisima chenyewe, maana hapa ndipo penye shida yangu. Huku kwetu bara, kisima huitwa jina la mtu. Kuna Kisima cha Mzee Ndahani, kuna Kisima cha Bi Mwamvita. Na jina si la kujivunia tu. Kisima kikiguswa na wabaya, mwenye jina huitwa wa kwanza, yeye na wanawe na wajukuu wake, wasimame pale waseme, hiki ni chetu. Cha kwetu Jiwe Jeupe ndicho kinachotunywesha wote, lakini waliokichimba walishasahaulika, na jina hakina. Tunasema tu, "pale kisimani".

Kampuni moja ya maji ya chupa ikaliona hilo pengo. Wakaandika kwenye karatasi zao kwamba ni kisima kisicho na mwenyewe, wakapata kibali. Asubuhi moja wakashuka na nguzo, seng'enge na mfuniko wa chuma. Kinamama walikuwa foleni na ndoo zao. Msimamizi, kijana mwenye kofia ya njano, akasema, "Shikamooni mama zangu, naomba mpishe, kazi ianze."

Mama Sikudhani akamtazama, akaitazama ndoo yake, akaipindua. Akaikalia pale pale mdomoni mwa kisima, akakunja mikono. Wa nyuma yake akapindua. Ko. Na wa nyuma yake. Ko, ko, ko. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nachora kibao cha fundi viatu ng'ambo ya barabara. Nikashuka na kopo langu la rangi, nikamwaga rangi iliyobaki, nikalipindua nami nikakaa.

Wale vijana wa nguzo wakacheka kwanza. Halafu wakaacha kucheka. Msimamizi akampigia simu bosi, na ofisa wa halmashauri akafika na gari.

"Akina mama, kibali hiki hapa," akasema ofisa. "Mnachotaka ni nini hasa?"

Mama Sikudhani hakupandisha sauti. "Mwanangu, tunataka huyu bwana atuonyeshe tone moja alilolitengeneza yeye. Akituonyesha, tunaondoka sasa hivi."

Ofisa akamgeukia msimamizi. Msimamizi akaiangalia ile karatasi mbele, akaigeuza nyuma. Jua likapanda. Na hapa ndipo tulipotaka kuvunjika, nisiwadanganye. Kiu ilitushika, watoto wakaanza kulia, wanawake wawili wakanyanyuka kurudi nyumbani. Kukaa kimya ni kugumu, nyie. Ndipo sauti moja katikati yetu ikapasuka, "Kamera imekimbia!" Na sisi wote kwa pamoja, "Lakini Bibi yupo!" Wale wawili wakarudi kwenye ndoo zao. Tukaanza kupiga kelele hizo, mtaa wa pili wakasikia, wakaja na ndoo zao. Mchana watu walishajaa mpaka kwenye mashine ya kusaga. Ofisa akasema kibali kirudi ofisini kikatazamwe upya, na kilipotazamwa kikafutwa. Nguzo walizoziacha tumejengea banda la mbuzi.

Hoi hoi na vigelegele, sawa. Lakini kampuni zile zina tabia ya kurudi, na tukasema safari hii hawatakikuta bila jina. Nikapewa kazi ya kuliandika kwenye ukingo wa saruji. Jina moja. Niliuliza kwa nini moja, nikajibiwa kwamba kisima chenye majina matatu kitaitwa kwa lile fupi, na siku ya mapambano kila mwenye jina atamsubiri mwenzake aende.

Watu wakataka kumpa Mama Sikudhani heshima hiyo. Akakataa katakata. "Mimi nimekalia ndoo tu. Ile habari ya ndoo sikuitunga. Wapeni wenyewe."

Basi wakaitwa wale watatu, wakasimama hapa hapa nilipo mimi.

Bi Perpetua akaanza, fimbo mkononi. "Ondoeni lile swali muone kinabaki nini. Wanawake wamekaa juani, wanaulizwa wanataka nini, hawajui waseme nini. Polisi angewaondoa kabla ya saa nne. Mimi ndiye niliyewapa la kusema. Na bibi yangu amekwisha kufukuzwa kwenye filamu. Mkiandika jina la mwenye filamu hapa, mmemfukuza na kisimani. Sikubali. Nikifa leo wajukuu zangu watakuja kusimama hapa."

Sadoki akasogea mbele. "Mama, kwa heshima zote, na mimi sikubali. Swali lako lilikaa kitabuni miaka yote hiyo, na Jiwe Jeupe kitabu kilikuwa kimoja. Hata kila mtu angekisoma, Bibi wako kitabuni amekaa peke yake! Kikongwe mmoja wangembeba na kiti chake. Mimi ndiye niliyewaonyesha kukaa wengi. Ndoo zile ni zangu. Nimekosea suruali, nimekosea chombo, nitatukanwa kwa hayo mpaka kufa. Ndoo sikukosea."

King'ora hakuhitaji maiki. "Jamani, kitabu kilikuwa chini ya mto wangu na filamu ilikuwa ya Kizungu! Mngejua nini nyinyi? Yeye alikata swali, nikalirudisha. Yeye alimpandisha Bibi angani, nikamshusha. Na pale watu walipochoka, walipiga kelele maneno ya nani? Kitabuni hayamo. Kwenye filamu hayamo. Ni ya kwangu, yametoka kooni mwangu, juu ya benchi langu."

"Wewe umeongea juu ya kazi za watu," akasema Sadoki.

"Na wewe umepiga picha juu ya kazi ya mama huyu," akajibu King'ora.

"Na mimi?" akasema Bi Perpetua. "Nimesimama juu ya nani?"

"Juu ya kisima, mama," akasema Mama Sikudhani. "Kwani kisima ulikitoa wapi? Si wewe uliyekuwa unapanga foleni hapa na ndoo, ulipokuwa nesi kwenye zahanati yetu?"

Bi Perpetua akaugusa ukingo wa kisima kwa fimbo yake. Kisha akasema, "Ndiyo. Ni hiki hiki. Ndiyo maana sikubali."

Nikawauliza swali moja tu, kila mmoja peke yake, macho kwa macho. Wakirudi wale watu na seng'enge, jina likiwa lako, utakuja? Bi Perpetua akasema, "Nitakuja, hata kwa kubebwa." Sadoki akasema, "Nitakuja, na bila kamera." King'ora akasema, "Mimi siendi kokote, nakaa hapa. Nitakuwa nimeshafika." Niliwatazama nikaona hakuna anayedanganya.

Haya. Nimemaliza ya kwangu, sasa ni zamu yenu. Aliyetupa swali, aliyetupa ndoo, au aliyetupa sauti tulipokuwa tunanyanyuka? Na usinijibu wote watatu. Hilo ni jibu la mtu anayetaka kuwahi kwenda kulala, na ukingo huu una nafasi ya jina moja. Usiniambie pia niache wazi, maana kuacha wazi ndiko kulikowaleta wale.

Asubuhi hii lori lenye nguzo limeonekana limesimama kule barabara kuu. Huenda linapita tu, huenda halipiti. Brashi nimeshaichovya, rangi inadondoka kwenye kiatu changu. Haya wewe, ndiyo, wewe uliyeinamisha kichwa, inua uso unitajie: niandike jina la nani?