Mjusi Aliyetikisa Kichwa

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na jiwe!
— Likakaliwa!

Basi likakaliwa. Hapo zamani za kale, juu ya mlima wa majabali, aliishi pimbi jike, jina lake Siwema, na wanawe watatu. Pimbi walipokula majani, mmoja wao alikaa jiwe la juu kumwangalia Tai. Akimwona tu, kwiii! na wote huwa wamo mapangoni. Ndivyo walivyolelewa, mama kwa mwana.

Shida yao maji. Chemchemi ilikuwa bondeni, na mkubwa wa bonde ni Nyati. Wadogo walikunywa mwisho, tope tupu.

Akatokea Mjusi wa kichwa chekundu. Akasema, "Ndugu zangu, mmoja mmoja tunakanyagwa! Tufanye chama, Chama cha Majabali!"

Na Mjusi huyo, ukimwambia neno, anatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Pimbi wakasema, "Huyu anatusikia!" Panya wakasema, "Huyu ni wetu!" Hata Kobe akajiunga, ila mkutano wa kwanza aliufikia siku ya mkutano wa tatu.

Wakashuka bondeni kupiga kelele. Siku ya kwanza Nyati akacheka. Siku ya pili akanuna. Siku ya tatu akasema, "Jamani, nyweni asubuhi, mimi niacheni nilale!"

Wakanywa maji safi. Siwema akawaogesha wanawe, akalia kwa furaha.

Mjusi naye akapewa nafasi katika baraza la Nyati. Akarudi mlimani amepanda mgongo wa Nyati. Akasema, "Jiwe la juu sasa ni kiti cha mwenyekiti. Na hizo kwiii zenu zinavunja mikutano. Atakayemwona Tai aniambie mimi, nami nitatangaza."

Wakapiga makofi. Siwema akaingiwa na hofu, maana ule ukelele ndio uliomkuza yeye na mama yake na bibi yake, lakini atasema nini, na wote wanashangilia?

Mkutanoni akaona kivuli, mbali. "Mwenyekiti, Tai!"

Mjusi akatikisa kichwa. "Tumepokea, mama." Akaendelea kuhutubia.

Kivuli kikasogea. "Mwenyekiti, Tai yule, nina watoto mimi!"

Akatikisa kichwa. "Limo kwenye ajenda, dada yangu. Kaa."

Mara ya tatu hakumwambia mtu. Kivuli kilikuwa juu ya wanawe, wanacheza, hawana habari, akafungua kinywa chote: kwiii! kwiii! kwiii!

Mlima ukawa mtupu. Tai akashuka, akamkuta mwenyekiti peke yake, bado anatikisa kichwa. Akamkamata mkia. Mjusi akauacha mkia, akajichomeka chini ya jiwe.

Pangoni Siwema akapapasa gizani. Pua moja. Pua mbili. Ya tatu iko wapi? Mungu wangu, ya tatu iko wapi? Kumbe ipo tumboni pake, inanyonya.

"Unanyonya saa hizi, wewe!" Akacheka.

Kesho yake Mjusi akaitisha mkutano. Akaja Kobe tu, tena alikuwa anaujia ule wa jana.

"Wenzetu wako wapi?"

"Wako majini, mwenyekiti. Si zamu yao asubuhi?"

Na kweli, walishuka pamoja, wakanywa, wakapanda. Nyati hata hakujua kwamba chama kimekufa. Na jiwe la juu alikaa Siwema.

Basi wanangu, anayekubali kila neno hajasikia hata moja. Na hatari ikimjia mwanao, usiombe ruhusa ya kupiga ukelele.

Hadithi yangu imeingia pangoni salama, na mkia wake.