Kuku wa Osbati Kwenye Lango la Mfalme

Hii mwalimu wako hakukusimulia, mimi nakupa bure. Isome yote ndipo umrushie mwenzio.

Zamani za deraya na mikuki, huko Uingereza, palikuwa na askari mzee wa farasi aitwaye Osbati. Mkewe, Hawisa, alimshonea koti la kuvaa juu ya deraya, na kifuani akamtilia kuku mwekundu. Kuku mnono, macho kayatoa.

"Mama Edita, wenzangu wote wana simba," Osbati akalalama.

"Simba wote hao nitakujuaje? Huyu kuku nitamwona hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Vaa."

Osbati akavaa. Angekataaje, na vidole vya mkewe bado vimevimba kwa sindano?

Mfalme alipomwona alicheka mpaka taji likamshuka puani. "Mzee, hilo ni koti la vita au la jikoni? Vua, uvae simba kama mimi. Usipovua, baada ya vita hii huna kazi kwangu."

"Nifukuze, Mtukufu. Koti sivui."

Vita ikawaendea vibaya. Jeshi likatawanyika, mfalme na Osbati wakakimbilia lango la mji wao, vumbi la adui nyuma yao. Kofia ya chuma ya mfalme, iliyomfunika uso mzima, ilikuwa imebonyezwa kwa rungu, haivuliki. Na adui nao, kumbe, walivaa simba!

"Fungueni! Mimi ndiye mfalme!"

"Kila simba anasema hivyo!" walinzi wakamjibu kutoka ukutani. "Jaribu mji mwingine!"

Mara Hawisa akapiga ukelele juu ya ukuta: "Yule wa kuku ni mume wangu! Fungueni!"

Lango likaachia upenyo. Mfalme akalidaka pindo la koti.

"Na huyo simba ni wa nani?" mlinzi akauliza.

"Wa kuku," Osbati akajibu, akamvuta ndani.

Kofia ilipokatwa kwa patasi, mfalme alivuta pumzi, akasema: "Mzee, kazi yako ipo. Na wewe, mama... nishonee bata."

Kwa kuwa alama zile zilikaa kwenye makoti, Waingereza mpaka leo nembo ya ukoo wanaiita "coat of arms", yaani koti la silaha. Hilo la koti kamuulize msomi yeyote. La kuku niulize mimi.

Funzo: Usione haya kuvaa alama ya anayekupenda. Wa kukucheka ni wengi, lakini siku lango limefungwa, atakayekutambua ni yeye.